Kitabu cha kompyuta huzeekea wapi?

Majina 38 yaliingia bila matata. La 39 likaiangusha programu nzima. Kijana aliyekuwa akiyaingiza, kwenye meza ya pembeni ya kibanda changu cha steshenari hapa Mtwara mjini, alilirudia mara tatu akidhani amekosea herufi. Hakukosea. Mkulima wa 39 ukoo wake ni Ng'itu, na programu ile, ambayo kijana aliinakili mstari kwa mstari kutoka kitabuni, haikujua la kufanya na ng'.

"Mjomba," akaniambia, na huku kusini ujomba hauhitaji undugu, "kitabu kimesema hivihivi. Mbona inagoma?"

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kama tofali. Kaka yake alikipata kwenye vitabu vya mtumba Dar es Salaam kwa Sh 15,000, akakituma kwa basi. Kinafundisha kujenga tovuti zenye hifadhidata kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, na MySQL, programu inayotunza hifadhidata yenyewe. Baba yake mdogo ni karani wa chama cha msingi, minada ya korosho ilikuwa inakaribia, na walitaka orodha ya wakulima na kilo zao itoke kwenye kaunta buku iingie kwenye kompyuta.

Tangu nianze kuuza na kuazimisha vitabu vya kompyuta, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilohilo kwa sura mbalimbali: kitabu hiki kimepitwa na wakati au bado? Watu wanataka ndiyo au hapana, na wanataka mwaka. "Ukiona ni cha kabla ya 2015 kiache," wanaambiana. Ushauri huo unakumbukika vizuri, ila umekosea pande zote mbili. Kuna kitabu kilichotoka mara ya kwanza 1978 na hadi leo watu wanajifunzia, na kuna cha mwaka jana ambacho picha zake tayari hazifanani na kilichopo kwenye skrini. Kitabu cha kompyuta hakizeeki chote kwa mpigo. Kinaanza kuoza sehemu moja, na kazi ya mnunuzi ni kujua ni ipi.

Turudi kwa Ng'itu, maana ndani ya kosa lake kuna karibu kila kitu.

Kabla ya ng' kulikuwa na kikwazo kingine. Kijana aliposakinisha PHP ya kisasa, mstari wa kwanza kabisa wa mfano ulikataliwa: mysql_connect, amri ya kuiunganisha programu na hifadhidata, haipo. Na kweli haipo. Wenye PHP waliitangazia kustaafu katika toleo la 5.5, mwaka 2013, na wakaifuta kabisa katika toleo la 7 lililotoka Desemba 2015. Kitabu kiliandikwa kabla ya hayo yote. Kijana hakukata tamaa. Akaitafuta PHP ya zamani, 5.6, akaisakinisha ili ilingane na kitabu. Yaani nguo ilimbana, akaona heri apunguze mwili. Programu ikawaka na majina 38 yakaingia.

Sasa ng'. Hifadhidata hupokea neno likiwa limefungwa kati ya ritifaa mbili, moja mwanzo na moja mwisho: 'Hamisi'. Ikifika kwenye ritifaa ya pili inajua jina limekwisha na kinachofuata ni amri. Programu ya kitabuni ilichukua alichoandika mtu ikakibandika katikati ya ritifaa hizo kama kilivyo, hivyo hifadhidata ikapokea 'Ng'itu'. Ikafungua kwa ritifaa ya kwanza, ikasoma Ng, ikakuta ritifaa nyingine, ikafunga. Kilichobaki, itu', ikajaribu kukisoma kama amri. Hakuna amri iitwayo itu. Ikagoma.

Je, mwandishi alidanganya? Hapana, na hapa ndipo panaponoga. Enzi zake PHP ilikuwa na mtindo, tena ukija umeshawashwa, wa kutia mkwaju uliolala kinyume mbele ya kila ritifaa iliyotoka kwenye fomu: Ng\'itu. Mkwaju ule uliiambia hifadhidata kwamba ritifaa hii ni mwanafamilia wa jina, si mlinda mlango. Kwenye kompyuta ya mwandishi, Ng'itu angeingia salama, hata kama mwandishi mwenyewe hajawahi kusikia kwamba kuna mahali panaitwa Lindi. Tatizo ni kwamba mikwaju ilitiwa hata pasipohitajika, ndiyo maana tovuti za miaka ile zilikuwa na mambo kama ng\'ombe na ng\'ambo katikati ya sentensi. Tena ilimfanya mtunga programu aamini amelindwa na huku hajajilinda. Ikaondolewa katika PHP 5.4, mwaka 2012. Kijana wangu na 5.6 yake alikuwa ameangukia kwenye ufa: toleo jipya kiasi cha kukosa mikwaju, zamani kiasi cha kuikubali mysql_connect. Kitabu kisingeweza kumwonya, kwa sababu kilikuwa kimeegemea ukuta ambao hakikuutaja popote.

Kuna kosa la tatu, na hili halikusubiri miaka ipite. Mtu mwenye nia mbaya haandiki Ng'itu. Anaandika ritifaa makusudi, anafunga jina, kisha anaendelea na amri ya kweli: nionyeshe wakulima wote, badilisha kilo za fulani. Hifadhidata inatii, kwa sababu haijui kwamba maneno hayo yametoka kwenye kisanduku cha jina. Hila hiyo ilikwisha kuelezwa hadharani mwaka 1998. Na dawa yake ilikuwapo ndani ya PHP tangu toleo la 5, mwaka 2004: unaipelekea hifadhidata kwanza amri yenye nafasi tupu, halafu jina linakuja peke yake baadaye, kujaza nafasi. Ni kama fomu ya benki. Hata ukiandika "nilipe milioni kumi" kwenye mstari wa jina, karani ataona tu una jina la ajabu. Kitabu kile kilitoka dawa ikiwa tayari ipo, hakikuitaja. Hapo siwezi kusema kimezeeka. Kilizaliwa na kasoro.

Lakini nilipokifungua sura ya nne nikakaa kimya kidogo. Sura hiyo inaeleza jinsi ya kupanga majedwali: mkulima aandikwe mara moja, apewe namba, na kila mzigo unaopokelewa ghalani utaje namba hiyo badala ya kurudia jina, kijiji na simu. Kijana alikuwa ameiruka kwa sababu haina msimbo, yaani mistari ya programu, wa kunakili. Jedwali lake lilikuwa moja tu, refu, kama kaunta buku la baba mdogo: kila mzigo na jina, kila mzigo na namba ya simu. Mkulima mmoja aliyeleta mzigo mara sita ana simu mara sita. Akibadilisha laini, karani atarekebisha mstari wa juu, na mitano mingine itabaki na namba iliyokufa. Wazo la kutenganisha hivi lina mizizi kwenye andiko la Edgar Codd, aliyekuwa kampuni ya kompyuta ya IBM, la mwaka 1970. Halijali PHP ni ya ngapi. Halijali kama ni PHP. Sura ile ingeweza kuchapwa kesho bila kubadilishwa chochote isipokuwa mifano yake ya wateja wa duka la maua, ambayo sikuipenda.

Wachongaji wa kwetu wana namna ya kulitazama gogo la mpingo. Nje kuna tabaka jembamba lenye weupe wa njano, ndani kiini cheusi. Wadudu hula weupe, cheusi wanakishindwa. Mtu akileta gogo lililotobolewa pembeni, mchongaji halitupi. Analigeuza kwanza aone cheusi kimebaki unene gani, na bei inatoka hapo. Tangu siku ya Ng'itu vitabu vyangu navitazama vivyo hivyo. Weupe ni picha za skrini, majina ya menyu, hatua za kusakinisha, namba za matoleo. Katikati kuna lugha yenyewe, PHP au Python au nyingine, inayobadilika polepole kisha siku moja ghafla. Kiini ni fikra: namna ya kupanga taarifa, kugawanya kazi, kumfikiria mtumiaji.

Mbaya zaidi kwa weupe ni vijitabu vya "jifunze kompyuta" vinavyouzwa stendi na kwenye steshenari kama yangu. Hivi ndivyo karibu vitabu pekee vya fani hii unavyovikuta kwa Kiswahili, na vimeandikwa karibu vyote kwa mtindo wa bonyeza hapa, kisha pale. Microsoft Office ya mwaka 2007 ilipoziondoa menyu za kushuka na kuweka utepe wa vitufe juu, nusu ya kurasa za vijitabu vile zilikufa kwa usiku mmoja, na baadhi bado vinatolewa fotokopi hadi leo. Hilo linanikera kuliko la PHP. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari anakutana na kompyuta na Kiingereza kwa pamoja. Anaposhika kitabu cha lugha yake kinampa yale tu yasiyodumu. Na huku fomula ya Excel, =SUM(B2:B40), inajumlisha kilo za korosho leo kama ilivyojumlisha zamani. Kurasa 20 zinazoeleza kwa nini seli moja inaweza kuitegemea nyingine zingeishi kuliko kurasa 200 za vitufe.

Vitabu vya usanifu wa tovuti vina hadaa yao. Vya PHP vikioza, programu inagoma na unajua. Vya tovuti havigomi. Ukichukua kitabu cha 2001 kinachofundisha kupanga ukurasa kwa majedwali yaliyofichwa mipaka, upana wa pikseli 800, ukakifuata, kivinjari cha leo kitaufungua ukurasa wako bila kulalamika. Vivinjari vina subira ya ajabu: nakala ya ukurasa wa kwanza wa mtandao, kazi ya Tim Berners-Lee kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Ulaya, bado inafunguka kwenye simu yako. Kwa hiyo mwanafunzi anaona kitu kinatokea, anahitimisha kitabu ni kizuri. Akija kuufungua kwa simu, ukurasa umejibana kama dagaa kwenye kopo, na msomaji anausukuma kushoto na kulia kwa kidole.

Kilichotokea katikati ni simu. iPhone ilitoka 2007, Android zikafuata, na mwaka 2010 Ethan Marcotte akaipa jina namna mpya ya kusanifu: ukurasa mmoja unaojinyoosha na kujikunja kufuata skrini. Mwaka 2017 vivinjari vikubwa vikaanza kuelewa amri za kupanga ukurasa kwa gridi moja kwa moja kwenye CSS, lugha ya kuupangia ukurasa sura yake, na hapo hila za majedwali zikakosa hata kisingizio. Kitabu cha usanifu cha kabla ya 2010 nakiuliza swali moja tu: kinajua kwamba skrini ina ukubwa zaidi ya mmoja? Kama hakijui, sura za mpangilio ziruke zote.

Vya Flash, programu iliyokuwa ikichezesha michoro kwenye tovuti, sina la kuuliza. Adobe, wenye Flash, waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikakataa kucheza chochote. Ninavyo vitatu, kimoja na sidii yake ndani ya bahasha ya nailoni. Karatasi zake ni nzuri, zinafungia korosho za kukaanga vizuri kabisa.

Kuna jambo moja kwenye vitabu vya zamani vya tovuti, hata hivyo, ambalo ningependa wasanifu wa leo walirudie. Waandishi wa miaka ya tisini waliandika kwa watu wa modemu, intaneti ya kupitia waya wa simu ya mezani, na kilobaiti kwao ilikuwa na thamani. Walihesabu uzito wa kila picha. Walikuambia ukurasa ukizidi uzito fulani msomaji ataondoka kabla haujafunguka. Modemu imekufa. Lakini muuza samaki wa Msimbati anayefungua ukurasa wako kwa bando la siku, mtandao ukishuka na kupanda, yuko karibu zaidi na msomaji wao kuliko na msomaji anayefikiriwa kwenye kitabu kipya kilichoandikwa na mtu mwenye faiba nyumbani. Kwa hiyo kitabu kilekile ambacho sura yake ya majedwali ni ya kutupa, sura yake ya picha nyepesi ni dhahabu kwetu. Nimewahi kuwaazimisha vijana wawili kitabu cha namna hiyo na kuwaambia wasome sura hiyo tu.

Upande wa kiini tupu, vitabu si vingi na havina haraka. Kile cha 1978 nilichokitaja ni cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C. Toleo lake la pili ni la 1988, na halikufuatiwa na la tatu. Kinadumu kwa sababu C yenyewe inabadilika kwa uchovu, na pia kwa sababu ni kifupi. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 wa IBM, alitoa mwaka 1975 kitabu kisicho na msimbo wa kunakili hata kidogo. Dai lake linalojulikana zaidi ni kwamba ukiongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa, unaizidishia kuchelewa. Nilipolisema hili kibandani mama mmoja alicheka: kwenye kubangua korosho, wakiongezeka kumi kazi inaisha mapema. Ni kweli, kwa sababu anayebangua hahitaji kujua mwenzake amebangua ipi. Kwenye programu mgeni lazima afundishwe, na anayemfundisha ndiye yuleyule aliyekuwa anaimaliza kazi. Na Donald Knuth, aliyetoa juzuu yake ya kwanza 1968 na bado anaandika nyingine, huahidi dola 2.56 kwa anayekuta kosa. Senti 256 ni "dola moja" kwa hesabu ya namba za msingi wa 16, maana humo 256 huandikwa 100. Sijui mwandishi mwingine anayethubutu.

Unatambuaje tabaka hizi ukiwa umesimama mbele ya muuzaji? Jalada halisaidii. Mwaka pia unateleza, na lugha yetu inazidisha utelezi, maana "toleo" tunalitumia kwa kitabu na kwa programu. Toleo la tatu la kitabu linaweza kuwa linafundisha toleo la 5 la PHP. Halafu kuna chapa: kitabu kikiisha sokoni huchapwa tena bila kuguswa neno. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina. Wachapishaji wengi huweka hapo mstari wa namba, 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1, na kila wakichapa tena hufuta ya mwisho. Ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa uliyoshika. Ikiwa 7, kitabu kilipendwa, kimechapwa mara saba, na maneno ni yaleyale ya mwaka wa kwanza. Ukitoka hapo nenda kwenye yaliyomo. Vichwa vya sura vikiwa majina ya vitufe na programu, weupe ni mnene. Vikiwa vitenzi na maswali, geuza gogo uangalie vizuri.

Wapo wanaoniuliza kitabu cha nini siku hizi, kila kitu kipo mtandaoni. Mwingi ni ukweli. Kuna hata vitabu vizuri ambavyo waandishi wenyewe wameviweka bure kihalali, kama kile cha Scott Chacon na Ben Straub kuhusu Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, na unaweza kukipakua ukakisoma bila bando. Mimi hukumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za chini ya bahari zikaharibika na intaneti ikadorora nchi nzima. Wiki ile nilikuwa na wateja wengi wa kuazima kuliko miezi miwili iliyotangulia.

Kijana wa Ng'itu alirudi kwenye PHP ya kisasa. Msimbo wa kuunganisha na wa kuingiza majina aliupata kwenye maelezo rasmi ya PHP yenyewe, bure, yenye amri za nafasi tupu. Majedwali akayapanga upya kufuata sura ya nne: wakulima, mizigo, vijiji. Sura nyingine karibu zote hajazigusa tena.

Juzi kaka yake alimtumia picha kwa WhatsApp: kitabu kingine, cha usanifu wa tovuti, muuzaji anataka Sh 20,000. Nikamwomba apige picha ukurasa wa nyuma ya jina na yaliyomo. Mwaka 2006, namba ndogo ni 4. Sura tano za kupanga kurasa, mbili za Flash, moja ya namna watu wanavyosoma kwenye skrini, moja ya picha nyepesi, moja ya kuandika vichwa vya habari na viungo. "Mwambie tunalipa sura tatu," nikasema. Kaka mtu akajibu kwa sauti iliyorekodiwa, kelele za daladala nyuma yake, kwamba muuzaji amecheka sana, na ameshuka hadi elfu saba.